Majina Ndani ya Pare-feu

Mwanangu wa mwisho ndiye aliyeweka pare-feu kwenye depo yetu ya mchele hapa Kamembe. Ilikuwa mashine kuukuu yenye programu ya bure, ya kuzuia wezi wa intaneti wasiingie kwenye kompyuta zetu. Kila kompyuta aliipa humo jina la mmoja wa ndugu zake tuliowazika Congo. Majina nilimtajia mimi.

Alipokufa, hakubaki mtu wa kuitunza. Binti yangu akaniambia, "Maman, ya bure inataka muntu mwenye kuijua, na sisi hatuna tena. Tununue ya kulipia. Ikiharibika, tunaita bale balituuzia."

Alisema kweli. Nililia tu.

Fundi akaja na mpya, akaizima ile ya mwanangu. Akauliza, "Maman, hizi kompyuta nizipe namba?"

"Hapana, Papa. Andika majina."

Nikamtajia yote, kuanzia mkubwa. Ikabaki kompyuta moja, tuliyoinunua baada ya kumzika yule wa mwisho. Fundi akaningoja, vidole juu ya klavye. Jina lake nililijua. Nikashindwa kulitamka, binti yangu akalitaja.