Mkato wa Tano

Majirani wa dukani wananiita Redio, na hawajanionea. Mimi ni sonara. Kazi hufanywa na mikono, lakini sifa zote huchukuliwa na mdomo. Nikianza kusimulia, fundi cherehani wa mlango wa pili husimamisha mashine yake, si kwa kupenda, ila kwa kuwa hana pa kukimbilia.

Kinachoniweka mjini ni viganja vya dhahabu, vile vidani vidogo ambavyo watu huwavalisha watoto kuwakinga na kijicho. Nafua dhahabu mpaka iwe bapa, nachora kiganja, kisha napitisha msumeno mwembamba kama unywele kutenganisha vidole. Sihesabu vidole, hiyo ni kazi ya wanagenzi. Nahesabu mikato. Mikato minne, vidole vitano, nimemaliza.

Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nilitamba mtaa mzima kwamba kiganja cha mjukuu wangu hakitakuwa na mfano. Ukweli ni kwamba roho yangu haikuwa na raha. Kwenye simu binti alijibu neno moja moja. Mama yake alipotaka kwenda, aliambiwa asubiri. Hakutaka mtu amshike mtoto, wala amfunue. Mwanangu mcheshi alikuwa ameninyamazia, na mimi sikujua dawa nyingine isipokuwa dhahabu.

Basi nikakata. Huku nakata, huku namweleza fundi cherehani jinsi babu mwenye kipaji anavyojulikana kwa utulivu wa mkono. Nikasugua kidani mpaka kikang'aa, nikakilaza kwenye kiboksi chenye pamba. Kukikagua sikukikagua; mtu anayejisifu kama mimi atapata wapi nafasi?

Tukaenda mimi na mke wangu bila kualikwa. Binti alikuwa amekaa kitandani, mtoto kaviringishwa kitambaa hadi kidevuni. Nikamkabidhi kiboksi kwa mbwembwe. Akakifungua, akatazama, akapitisha ncha ya kidole juu ya dhahabu polepole, akarudia tena, kisha machozi yakamtoka.

Nikachungulia. Vidole sita.

Fundi mzima na mvi zangu, nimekata mkato wa tano kwa sababu ya domo! "Mwanangu," nikaanza, "hiki nakwenda kuki..."

"Nani alikuambia, Baba?"

Akafungua kitambaa. Pembeni ya kidole cha mwisho cha mkono mmoja wa mjukuu wangu palichomoza kingine kidogo, laini, chenye ukucha wake kamili.

"Niliogopa mtamcheka," akasema. "Niliogopa maneno ya watu. Kumbe wewe ulishajua, ukamtengenezea cha kwake!"

Nikafumbua mdomo niseme kweli. Mke wangu akanikanyaga mguu, na si kwa bahati mbaya.

"Kila kidole chake kinahitaji kinga," nikasema. "Au ulitaka kimoja kibaki nje?"

Akacheka huku analia, akanipa mtoto. Nikampakata na aibu yangu na furaha yangu, sijui ipi ilikuwa nzito zaidi. Mtoto akanishika kidole gumba kwa mkono ule ule. Nikatazama mikono yangu, vidole vitano huku, vitano huku, nikaona vimepungua.