Tuberozi za Lushoto

Mwezi uliopita niliingia kwenye ukumbi wa harusi pale Ruangwa, nikapokewa na harufu ya tuberozi, tamu mpaka inakera. Mwenzangu alidhani nimeguswa na bibi harusi. Wala. Sikuhisi kitu, kama kawaida yangu, ila mkono ulichomoa ua moja nikaanza kulikagua.

Kwetu Nachingwea mama alikuwa na tuberozi za aina mbili, zote nyeupe, zote za petali zilizobebana. Za Lushoto, kwao mama, baba alizichimba mwenyewe alipokwenda kumuoa. Nyingine mama alipewa na mwalimu mwenzake wa Ruangwa. Tumba la Lushoto lina wekundu wa mbali nchani. La Ruangwa ni jeupe tupu. Kabla ya matumba hata mama hakuweza kuzitofautisha, maana vitunguu vyake vya kupandia ni vilevile. Jirani mmoja nusura avikatie mchuzi. Basi kila kiangazi mama alivifukua, vya Lushoto akavitia kwenye mfuko mtupu wa salfa ya kupulizia mikorosho, vya Ruangwa kwenye tenga.

Baba alifariki kiangazi, nikiwa na miaka tisa. Shangazi akaniambia nitoe vitu chumbani, mikeka itandikwe. Mfuko ulichanika mikononi mwangu, nikavimimina vitunguu vyote kwenye tenga la vya Ruangwa, nikanyamaza. Kulia sikulia.

"Huyu mtoto mkavu," shangazi aliwaambia wanawake, nami nikaona kasema kweli.

Mvua za kwanza zilimkuta mama bado yuko kwenye eda, hatoki. Akaniita.

"Nenda na shangazi yako, kapande kaburini kwa baba yako. Za Lushoto tu, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Nikachagua kumi kwa kubahatisha. Miezi ile sikumuwaza baba hata kidogo, niliwaza matumba. Nilikonda, hata uji ulinishinda.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa Machi. Mama, eda imekwisha, alinishika mkono tukaenda makaburini Mtua. Kati ya kumi, matumba saba yalikuwa meupe tupu. Nikamweleza yote. Akashika tumba moja jeupe.

"Baba yako hakuwahi kuzitofautisha," alisema. "Kila mwaka alinichumia za Ruangwa, akisema ndizo alizonitolea kwetu. Nikawa napokea tu."

Akainama, akaanza kung'oa majani kaburini. Nikamsaidia.

Nimekuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo nikaelewa kwamba miezi ile yote ya kuviogopa vitunguu, nilikuwa namlilia baba.