Keki ya Limau

Kila nikipita duka la mikate pale Northfield, harufu ya keki ya limau hunikera.

Siku hizo tulikuwa ndio kwanza tumehamia mtaa wa Castle Vale, huku ughaibuni, na jirani yetu, bibi wa Kizungu, akatuletea keki ya limau ingali moto. Akamtazama mama na mtandio wake, akatabasamu.

“Nyinyi ni watu wazuri. Si kama wale wakimbizi wengine, wale Waislamu wa kwenye televisheni.”

Mama hakujua Kiingereza. “Anasemaje, mwanangu?”

Nikamtafsiria yote. Mama akaipokea keki.

“Mshukuru kwa keki. Halafu mwambie, wale ndio sisi.”

Nikamwambia. Bibi akacheka, akamshika mama mkono, akamwambia polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba anasema na kiziwi:

“Hapana, kipenzi. Nyinyi si wale.”