Fundi Niliyemfukuza Kwenye Piano ya Misheni

Jamaa zangu, leo nimemfukuza fundi wa kweli nikamkaribisha wa uongo.

Ile piano ya misheni tuliyoibeba kwenye matope mpaka hapa Nyamache inalia vibaya. Padre anasema mimi ndiye niliyeiharibu njiani. Ruhusa yangu ya kwenda Maragoli kumwona mke wangu ameizuia mpaka nimletee fundi.

Asubuhi wakaja wawili.

Wa kwanza alikuwa miguu peku, mkononi ana kichuma kimoja chenye meno mawili, kama uma.

Nikamwambia, "Ndugu, chakula kimekwisha." Akaenda zake.

Wa pili alivaa koti! Alikuja na sanduku la vifaa. Akainama, akaona vikanyagio vya piano, akafurahi.

"Hii ni ya miguu. Naijua."

Akamimina mafuta ndani, kila mahali.

"Kwani wewe ni fundi wa nini?" nikamuuliza.

"Cherehani. Hii si ndugu yake?"

Nilikimbia njia ya Ogembo mpaka nikamshika yule wa miguu peku. Nikamwomba msamaha mbele ya watu.

Alirudi. Akagonga kichuma chake kwenye goti, akakisikiliza, akafungua piano mbele ya Padre.

"Padre, nyuzi hizi zina kutu ya miaka mingi. Kubebwa hakukuziharibu."

Nilitaka kumbeba mgongoni mtu huyo! Padre akachukua kalamu kuandika ruhusa yangu.

"Ila mafuta haya," fundi akaongeza, "ni ya leo."

Kalamu ikasimama. Wote wakanigeukia.

Niambieni kweli, nyinyi mngejibu nini pale?