Mfupa wa Kiwandani

Jino langu la mbele lilichukuliwa na gesi. Msicheke. Ndiyo kwanza watu wameanza kusema chini ya bahari yetu ya Palma kuna gesi, helikopta ikatua uwanjani, na mimi, mwanamke mzima, nikatoka mbio macho juu, nikavaa mlango wa lori kwa mdomo.

Miaka miwili nilicheka nimejiziba kwa ncha ya leso. Kisha, katika wageni waliofuata gesi, akaja daktari wa meno, kijana kutoka Maputo. Akasema jino la kudumu atanipandikizia, ila mfupa wa pale umekonda mno. Lazima kwanza aujaze unga wa mfupa, aufunike kwa utando.

"Mfupa wa mnyama gani?" Nilishasimama, nguruwe mzima namwona mbele yangu.

"Hakuna mnyama, mana," akaniita dada kwa Kireno, "umetengenezwa kiwandani."

Loo! Nikarudi kitini, nikapanua mdomo mpaka taya zikalia.

Akatia chembe nyeupe mfano wa chumvi ya mawe, akalaza utando mwembamba juu yake, akashona. Akanionya kwa Kireno, akarudia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: unga ukitoka, hapatakuwa na mfupa wa kujaribia tena, nisahau habari ya jino. Nisiguse, nisiteme kwa nguvu, nisisukutue. Nikaapa. Nikapita mtaani nikiringa, mdomoni nina kiwanda!

Ikaadhiniwa alasiri. Nikachota maji, nikanawa viganja, nikasukutua. Mara tatu, tena kwa bidii, kama nilivyofundishwa tangu mtoto. Nikatema. Sakafuni, chembe nyeupe.

Mama yangu wee! Nilipiga ukelele, shangazi yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye ndiye mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha udhu. Nikamweleza huku nalia.

"Mjinga wewe! Kusukutua ni sunna, si faradhi. Ungeosha uso wako ukaswali, nani angekudai?" Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nami, machozi yananitoka, nikaangua kicheko. "Funga mdomo huo," akanifokea, "utamwaga na unga uliobaki!"

Tukarudi kwa daktari mbiombio, chembe zangu kwenye kikombe.

"Umesukutua mara tatu?" akauliza.

"Mara tatu."

"Kwa siku?"

"Kwa kila udhu, daktari. Na swala ni tano."

Masikini, alijishika kichwa. Akachungulia, akaongeza mshono mmoja. Utando bado umeshika, akasema, zimetoka za juu. Kama zilizobaki zinatosha, hajui. Tungoje.

Miezi sita nilikula vitu laini na kuogopa. Nilipiga chafya kwa adabu. Kila siku nilijiambia pale ndani pameshakuwa patupu.

Siku ya picha ya eksirei, shangazi akanisindikiza, akabaki nje barazani. Daktari akaiweka picha kwenye mwanga. Niliona weupe tu.

"Mfupa wa kiwandani upi, na wangu upi?" nikauliza.

Akapitisha kidole polepole. "Wa kiwandani unayeyuka, mana, na wako unaota mahali pake. Hapa pote ni wewe."

Nikapiga kigelegele palepale kitini, daktari akaangusha kioo chake. Na kule barazani shangazi, bila kujua kuna nini, akakiitikia.