Utasa Si Dhambi ya Kutubu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo hasira hunipanda. Nilikuwa kijana, nimeolewa hapa Isansa nikitokea milima ya Ileje, na miaka ilikuwa inapita bila mimi kushika mimba. Wenzangu niliofunga nao ndoa msimu mmoja walikwisha kuitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Mimi walikuwa bado wananiita Bibi Harusi. Mwaka wa kwanza jina hilo ni tamu. Miaka ikizidi, ni kofi.

Nilikuwa naomba. Niliomba shambani, niliomba nikikoroga uji, niliomba hadi maneno yakaniishia nikabaki kulia tu, kama yule mwanamke wa kwenye Maandiko ambaye kuhani alidhani amelewa. Hilo nalo hunikera. Mwanamke analia mbele za Mungu wake, na mtu wa kwanza kumsogelea anakuja na lawama.

Siku ninayoisema tulikuwa tunachagua kahawa. Kahawa ikishaoshwa huanikwa juu ya meza ndefu za nyavu, na wanawake husimama pande zote mbili wakiondoa punje mbovu. Ni kazi ya mikono, kwa hiyo mdomo huwa huru, na mambo mengi zaidi ya kijiji huamuliwa pale kuliko ofisini kwa mtendaji. Mama mkwe wangu alikuwa mwisho wa meza, kimya kama kawaida yake. Pembeni yangu alisimama Mama Neema, kiongozi wa akina mama wa ushirika wetu wa kanisa, mchapakazi, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo.

"Bibi Harusi," akaniambia, "viongozi tumekaa, tumekuonea huruma. Jumapili utasimama mbele utubu."

"Nitubu nini, Mama Neema?"

"Hilo unalijua wewe na Mungu wako. Tumbo halifungwi bure."

Wengine waliinamia kahawa zao kana kwamba hawajasikia. Mmoja akacheka kwa pua.

Kwetu kutubu mbele ya ushirika ni jambo zito. Aliyeanguka husimama, hutaja alichotenda, kisha hupokelewa tena mezani pa Bwana. Ni desturi njema kwa mwenye dhambi. Mimi nilikuwa nimejipekua miaka yote hiyo, nimepekua hata ndoto zangu, na dhambi ya kufunga tumbo sikuipata. Basi pale pale, punje zikipita vidoleni, nikaanza kutunga moja. Niseme nilikuwa na mwanamume kabla ya ndoa? Hapana, mume wangu ataumia. Niseme nilikwenda kwa mganga. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilitaka wanyamaze.

"Sawa," nikasema. "Nitatubu kwamba nilikwenda kwa mganga."

"Mmesikia?" Mama Neema akawaambia wenzake. "Si niliwaambia?"

Mama mkwe akaacha kahawa. Akaja taratibu akijifuta mikono kwenye kitenge, akasimama mbele yangu.

"Ulikwenda lini?"

Nikaendelea kuchagua punje.

"Binti, nakuuliza. Tunakaa ua mmoja, tunalima shamba moja, tunachota maji mto mmoja. Ulikwenda lini?"

"Sikwenda, mama."

Akamgeukia kiongozi wetu. "Mama Neema, wewe umejaliwa watoto, Mungu akutunzie. Ulizaa kwa utakatifu?"

"Mama, mimi nasema kwa upendo tu."

"Mbuzi wangu kazaa mapacha mwezi huu, na hakuna siku anakosa kuiba mahindi ya jirani. Naye tumwite aongoze maombi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu wa kiume ni mmoja. Hapa mezani, nani anamtaka mjukuu kuliko mimi? Mbona mimi sijamdai?" Kisha hasira ile ile akanigeuzia mimi. "Na wewe. Umemwomba Mungu mtoto, sasa unataka kumpelekea uongo ndani ya nyumba yake, ili hawa wanyamaze? Unawaogopa hawa kuliko yeye?"

Sijawahi kukemewa hivyo, kabla wala baada.

Jumapili jina langu liliitwa hata hivyo, maana Mama Neema alikwisha kulifikisha kwa wazee wa kanisa. Nilibaki nimekaa. Mzee akaita tena. Magoti yalitaka kunyanyuka yenyewe, kwa kuwa sisi tumelelewa kutii. Mama mkwe, aliyekaa kando yangu, akaweka mkono juu ya magoti yale, akasema kwa sauti ya kawaida ambayo kanisa zima lilisikia, "Hana la kutubu. Endeleeni na ibada."

Ibada ikaendelea.

Mwanangu, sikuzaa. Nakuambia sasa ili usisubiri mwisho mwingine. Watu wakisimulia habari za kungoja hupenda kumalizia na mtoto mikononi, kana kwamba asipokuja mtoto Mungu ameshindwa. Mimi na mume wangu tumezeeka wawili. Hamu ile haikuondoka upesi. Ipo misimu ilirudi kama homa. Lakini Mungu wangu sikumdanganya, naye hakunitupa. Nikipiga magoti namjua ninayesema naye, na hilo namshukuru.

Kinachoniudhi ni kwamba hatujajifunza. Juzi nilikwenda Tunduma kumwona binti wa kaka yangu, anayeuza vitenge karibu na mpaka, na ambaye mume hajapatikana. Jioni tukaenda kwenye mkutano wa maombi. Mhubiri akashika kipaza sauti, akawaita mbele mabinti waliochelewa kuolewa, akawapanga mstari kama mahindi ya kupukuchuliwa, akataka kila mmoja aseme alimkosea Mungu wapi. Binti akaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Shangazi, si ameita?"

"Amekuita yeye. Mungu sijamsikia. Twende nyumbani, ugali unapoa."

Tukatoka, na macho ya watu mgongoni. Macho hayatoboi kitenge.

Basi sikia. Subira huvuta heri, ndiyo, lakini wanaokuimbia methali hiyo kila siku ni wale ambao heri yao ilikwisha kufika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukitamani mume, au mtoto, au nyumba yenye amani, mwambie Mungu hivyo hivyo, hata kwa maneno yaliyopinda. Yeye ndiye aliyekupa moyo wa kutamani. Dhambi uliyoitenda itubu, tena upesi. Ambayo hukuitenda usiibebe, hata akuamuru mwenye joho. Kungoja si hukumu. Riziki haivutwi kwa kamba, wala kwa toba ya kuigiza. Na ukipewa ulichokingoja, usije ukamgeukia mwenzako anayengoja na kumuuliza amekosa nini. Mletee unga, kaa naye, funga mdomo.

Mungu akusikie hata pale unapokosa maneno. Akupe ulichomwomba, na akikawia, akae nawe humo humo katika kungoja kwako, asimpe mtu yeyote nafasi ya kukuaibisha mbele zake. Amina.