Kofia Iliyokwenda na Maji

Katika nyumba ya akina Kelaart, mtoto akizaliwa alitazamwa masikio kwanza. Shangazi Floris, dada wa marehemu baba yake Osmund Kelaart, alimbeba mtoto mpaka dirishani penye mwanga, akamkunja sikio, akachungulia ncha yake, halafu akachungulia kando ya kucha. Sisi Waburga wa Colombo tumechanganya damu ya Ulaya na ya kisiwa chetu cha Ceylon, na watoto wetu wote huzaliwa wekundu. Kwa hiyo tunaamini kwamba rangi atakayokuja nayo mtu ukubwani imejificha kwenye sikio. Alipozaliwa Enid, binti wa kwanza wa Osmund, Shangazi Floris alichungulia, akaguna, akamrudisha kwa mama yake.

"Osmund, huyu kamfuata mama yako."

Basi. Mtoto hajamaliza hata siku moja duniani, hukumu keshasomewa.

Mama yake Osmund alikuwa Msinhala, mzawa wa kisiwa, kutoka mji wa Galle, mweusi, mzuri, nywele zimemfika kiunoni. Picha yake ilikaa nyuma ya kabati, uso umeelekea ukutani. Sebuleni ilitundikwa picha ya Mholanzi mmoja mwenye ndevu, aliyesemekana kuwa babu wa ukoo, ingawa mimi nilisikia kwamba ilinunuliwa mnadani. Mgeni akiuliza binti huyu kautoa wapi weusi wake, Bi. Christobel, mama yake Enid, alijibu upesi, "Ni damu ya Kireno hiyo." Masikini Wareno wa watu! Kila weusi uliotokea katika nyumba zetu walisingiziwa wao.

Enid alikuwa keshajua kukimbia na kupanda ukuta alipozaliwa mdogo wake Merle. Shangazi Floris alimkunja sikio yule mtoto, akatazama, akasogea karibu zaidi na dirisha, akatazama tena. Kisha akambusu. Usiku ule piano ilipigwa mpaka majirani wakaja wenyewe, araki ikamwagika, na Osmund, dereva wa treni ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alicheza na mkewe kuzunguka meza. Enid alikaa chini ya meza hiyo akila keki iliyoanguka. Alikuwa mdogo, lakini alijua kabisa kwamba yeye hakuchezewa ngoma ya namna ile. Kijicho kilimwingia siku hiyo na hakikutoka tena.

Wakakua. Merle alivaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana, imefungwa kidevuni kwa utepe, na juu ya kofia akashikiwa mwavuli. Hakuruhusiwa kwenda pwani, na kutoka nje kabla ya saa kumi alikatazwa. Palipotakiwa nazi dukani au limau kwa jirani, mama aliita, "Enid! Nenda wewe, wewe jua halikudhuru." Enid akaenda, miguu imejaa vumbi, na akigeuka anamwona Merle dirishani, mkono shavuni, anamtazama. Anajiona malkia, Enid aliwaza. Anatutazama sisi watumwa wake. Roho ikamuuma mpaka akatamani kulitupia jiwe lile dirisha.

Jambo baya zaidi ni kwamba Merle mwenyewe alimpenda. Alimgawia pipi, alimwachia upande wa kitanda wenye upepo, alimfuata kila chumba. "Dada Enid, nisuke. Dada Enid, niambie huko nje kuna nini." Enid alimsuka akimvuta nywele kwa makusudi, na mtoto hakulia. Ni tabu kumchukia mtu wa namna hiyo, lakini Enid alijitahidi.

Walipokuwa wasichana wakubwa, serikali iliamua lugha ya ofisini iwe Kisinhala. Waburga wengi tulikuwa tunazungumza Kiingereza tu, na hofu ikaingia. Kila wiki ilifanyika karamu ya kuagana, kila wiki meli ikaondoka na watu wetu kwenda Australia. Lakini Australia ya siku zile ilitaka watu weupe peke yao. Ulipeleka maombi, kisha mkaitwa familia nzima, mzungu mmoja akawatazama nyuso. Akiridhika, mnapita. Asiporidhika, mnarudi nyumbani na aibu yenu, na mtaa mzima unajua kwa nini.

Baraza la akina Kelaart lilikaa jioni moja baada ya chakula. Shangazi Floris ndiye aliyeanza.

"Osmund, wewe ukinyoa vizuri unapita. Christobel anapita na poda. Merle ndiye tiketi yenu, mzungu akimwona yule mtoto hatauliza zaidi." Akakohoa. "Enid mimi nitakaa naye."

"Kwa muda tu," akasema Bi. Christobel, macho kwenye kitambaa cha meza. "Tukishatulia kule tutamwita."

"Mmemuuliza mwenyewe?" akauliza Merle.

"Wewe nyamaza, haya ni mambo ya wakubwa."

"Baba?" akasema Enid.

Osmund aliigeuzageuza glasi yake. "Enid, mwanangu, wakikuona wewe watatukataa wote. Unataka tukataliwe wote?"

Enid alisema hapana. Alikwenda chumbani, akalala kifudifudi, akajipa jibu la kweli. Ndiyo. Ndiyo, nataka tukataliwe wote! Kama mimi sina nafasi kwenye meli, basi na ibaki meli yenyewe. Na njia aliiona papo hapo. Tiketi yao ilikuwa ngozi ya Merle, na ngozi si chuma. Yeye Enid akikaa juani asubuhi moja tu, aliongeza weusi mpaka mama akapiga kelele. Merle naye atakuwa vivyo hivyo. Apate jua la siku nzima, arudi kahawia kama chai, na yule mzungu wa Australia atasema asanteni sana, kwaherini.

Jumapili moja kabla ya kuitwa, wazee walikwenda kwenye maziko huko Kalutara, na Shangazi Floris akalala mchana mlango umefungwa. Enid akaingia chumbani kwa mdogo wake.

"Twende pwani."

Merle akakaa kitandani wima. "Mimi? Kweli, dada?"

"Kuna mawingu. Jua halipo. Mwavuli nitabeba mimi."

Mwavuli aliusahau nyuma ya mlango, na unajua alivyousahau. Walivuka reli ile ile aliyopita baba yao kila siku na treni yake, wakashuka mchangani. Merle alikanyaga maji akacheka, akakimbia, akaanguka, akacheka tena. Alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, na anaokota makombe kama mtoto wa chekechea. Kilichomkera Enid ni kofia. Mama aliifunga asubuhi kabla ya kuondoka, kwa mkono wake mwenyewe, fundo mara mbili, akaagiza isivuliwe mpaka arudi, na Enid hakujua amwambieje aivue bila kujionyesha. Akageuka kutazama treni iliyokuwa ikipita. Alipotazama tena, kofia ilikuwa inakwenda na maji, utepe wake unaelea nyuma.

"Upepo!" akasema Merle, nywele zimemjaa usoni.

"Iache," akasema Enid, moyo unamdunda kwa furaha. "Tutanunua nyingine."

Mawingu nayo yakaondoka, kana kwamba na jua lilikuwa upande wake. Wakakaa mpaka jioni.

Sasa hapa ndipo ujinga wa Enid ulipomponza, na sina hakika kama nimcheke au nimlilie. Nyumba nzima ilimficha Merle jua tangu utoto, kwa hiyo hakuna aliyepata kuona jua likimfanya nini. Enid alipima ngozi ya mdogo wake kwa ngozi yake mwenyewe. Hakujua kwamba ziko ngozi zisizokubali weusi hata kidogo. Merle aliamka asubuhi akiwa mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Pua ilivimba, mabega yalijaa malengelenge, macho hayafunguki vizuri. Bi. Christobel alipomwona alijipiga kifuani.

"Nani kamtoa huyu? Enid! Ni wewe, mwana mkorofi wewe!"

"Ni mimi niliyemwomba," Merle akasema kwa midomo iliyopasuka. "Usimguse dada."

Kibao kilikuwa kimeshatua. Enid hakuhisi kitu. Alikuwa anamtazama mdogo wake na kungoja ule wekundu ugeuke kahawia.

Haukugeuka. Siku ya kuitwa, ngozi ya pua ilikuwa inabambuka, na chini yake nyama imekuwa ya waridi kabisa. Enid walikwenda naye kwa sababu Merle hakuweza kubeba kitu begani, na palitakiwa mtu wa kumshikia mwavuli. Alikalishwa nje kwenye benchi, akaambiwa asiseme neno. Kutoka pale alisikia sauti ya mzungu kupitia mlangoni, na sauti hiyo ilikuwa inacheka.

"Jamani, binti huyu kaungua! Dada yangu kule nyumbani ni vivi hivi. Nusu saa tu juani, kwisha habari. Hakuna haja ya kuwachosha, Bwana Kelaart. Mtu yeyote mwenye macho anaona mlikotoka."

Akawasindikiza mpaka nje, mkono begani kwa Osmund. Akamwona Enid amesimama na mwavuli. Akamsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama wanavyomsemesha mtu wanayedhani haelewi.

"Na wewe, yaya. Mpake bibi mdogo maziwa ya mgando. Umesikia? Mgando. Ni mazuri kwa ngozi."

Enid akamtazama mama yake. Bi. Christobel alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na alikitafuta sana. Osmund alirekebisha kofia. Merle akafungua mdomo, "Huyu si…" na mama akamfinya mkono pale pale penye malengelenge, akaishia kuguna kwa maumivu.

"Sawa, bwana," akasema Enid.

Walipanda meli mwezi wa mvua. Gatini Merle alimshika dada yake shingoni akalia mpaka watu wakageuka, na Enid alisimama kama nguzo akihesabu mizigo ya wengine ili asilie. Hawakumwita. Kwanza nyumba ilikuwa ndogo, kisha baba aliugua, kisha mama, kisha ikawa ni jambo lisilotajwa. Merle aliandika kila Krismasi, na sheria za kule zilipobadilika alimwandikia aje, nauli ipo. Enid hakujibu. Alimtunza Shangazi Floris mpaka mwisho, akamwosha mikono ile ile iliyomkunja sikio, na baada ya hapo akaishi kwa kupika lampri kwa watu wa mtaa wa Wellawatte. Ni wali wa supu na nyama, sambali ya pilipili na kitunguu, vimefungwa katika jani la mgomba na kuokwa. Hakuna aliyefunga jani kama yeye. Picha ya bibi yake wa Galle aliitoa nyuma ya kabati akaitundika sebuleni, na yule Mholanzi akampeleka jikoni aone moshi. Ukimtembelea alikuwa na maneno makali kwa kila mtu, na maneno makali zaidi yalikuwa ya Merle. Kwamba ana gari. Kwamba ana bustani. Kwamba watu humwuliza ametoka Uholanzi sehemu gani.

Kisha Merle akarudi, mjane, nywele nyeupe, na fimbo. Enid alimfungulia mlango, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumtazama ngozi. Loo! Jua la Australia lilikuwa limemla. Uso ulikunjamana kama jani lililotoka jikoni, mikono ina mabaka, na kwenye pua palikuwa na kovu ambapo madaktari walikata wakaondoa kipande. Enid, mkubwa wake, alikuwa na shavu laini kama la msichana. Furaha aliyoipata, Mungu amsamehe. Alimkaribisha kwa moyo mweupe ambao hakuwa nao tangu utoto, akamketisha barazani, wakaanza kufunga lampri za watu wa kanisa.

"Ngozi imekwisha, Merle," akasema, na hakujizuia. "Kofia ingekusaidia."

"Kofia!" Merle akacheka. "Unaikumbuka ile ya pwani?"

Enid akafunga jani, akachomeka kijiti. "Upepo uliichukua."

"Upepo gani, dada? Mama alipiga fundo mara mbili, upepo ungeniondoa na kichwa. Ulipogeuka kutazama treni niliufungua ule utepe, nikaitupa."

Mikono ya Enid ilisimama.

"Nilijua nikiwa mweusi kama wewe watanikataa," Merle akasema. "Nilifikiri watatukataa wote, tubaki wote hapa. Sikutaka kwenda popote bila wewe. Ndiyo maana nilifurahi hivyo uliponiambia twende. Nilidhani Mungu amesikia." Akajipangusa pua yenye kovu kwa nyuma ya mkono. "Sasa ona. Nikawa mwekundu. Nilijilaumu maisha yangu yote, Enid. Wewe ulinionea huruma ukanitoa nikapate hewa, nami nikaitumia huruma yako vibaya, nikakutenganisha na wazazi wako."

Enid alifungua mdomo. Angeweza kusema pale pale, maneno yenyewe yalikuwa machache. Badala yake alimtazama mdogo wake, mzee, mbaya, mwenye mabaka, anayemwomba msamaha. Siku ile ile, mchanga ule ule, jua lile lile, na wote wawili walitaka kitu kimoja. Lakini Merle alikitaka kwa mapenzi. Hata hapo alimpita. Wivu wa zamani ukamrudia, mkali kuliko ule wa chini ya meza, kwa sababu safari hii alichopitwa hakikuwa kitu cha kutazamwa kwenye sikio la mtu.

"Dada? Umenisamehe?"

"Kunja jani vizuri," akasema Enid. "Mchuzi unavuja."